Goita, jeni na chumvi: tezi ya shingo inavimbaje?

Goita ikitajwa barazani hapa Tanga, mazungumzo hayakawii kugawanyika. Mmoja atasema ni upungufu wa madini joto tu, mgonjwa abadilishe chumvi. Mwingine aliyesoma kitu kwenye simu atamkatiza: "Chumvi ilikuwa zamani. Siku hizi wamegundua ni jeni. Ikishakuwamo kwenye ukoo, imo." Mgonjwa mwenyewe, mara nyingi mama wa makamo aliyeuzungusha mtandio ukafunika shingo yote, anabaki hajui ashike lipi. Wengine huyaacha yote mawili wakaenda kumtafuta aliyewaroga.

Naandika haya kwa sababu ubishi huo unawachelewesha watu hospitali, na kwa sababu wabishi wote wawili wameshika kipande cha ukweli. Jeni zinahusika, chumvi nayo inahusika, na zinashikana: madini joto yakipungua, jeni fulani za tezi hubadilisha namna zinavyofanya kazi, na miongoni mwake zimo zile zinazotoa amri ya tezi kukua.

Tuanze na tezi yenyewe. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina pande mbili zilizoungana katikati, na kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi. Kitaalamu inaitwa thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo unavyopiga, chakula kinavyotumika, mtoto anavyokua, ubongo wa kiumbe tumboni unavyojengeka. Homoni zake kuu ni mbili, T4 na T3, na hakuna hata moja inayoweza kutengenezwa bila madini joto. T4 hubeba atomu 4 za madini hayo, T3 hubeba 3.

Goita, au rovu, ni tezi hiyo ikivimba. Chini ya jina hilo yamo maradhi kadhaa. Tezi inaweza kuvimba huku ikitoa homoni kidogo, ikitoa nyingi kupita kiasi, au ikitoa kiasi cha kawaida kabisa. Ndiyo maana mwenye goita mmoja ananenepa, anasikia baridi, anapata choo kigumu na uchovu usioisha, ilhali mwenzake anakonda, anatoka jasho, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Ukubwa wa uvimbe haukwambii hali ya homoni. Hiyo hupimwa kwa damu.

Kabla ya kipimo chochote, daktari ana njia yake ya kujua kama uvimbe ni wa tezi au ni wa kitu kingine cha shingoni. Anakupa funda la maji, anakwambia umeze, huku macho yake yako shingoni. Uvimbe wa tezi hupanda unapomeza kisha ukashuka, kwa sababu tezi imeshikamana na koo la hewa. Simama mbele ya kioo na glasi ya maji, inua kidevu kidogo, meza, utazame.

Sasa tuje kwenye jeni, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Chukua jikoni la harusi, akina mama wamekusanyika uani tangu alfajiri. Kila mmoja anajua kupika kila kitu: pilau, mchuzi, kachumbari, maandazi. Lakini leo huyu kapewa vitunguu, yule kapewa kuchambua mchele, yule wa tatu kakabidhiwa sufuria la nyama. Seli za mwili ndivyo zilivyo. Seli ya ngozi na seli ya tezi zina jeni zilezile, zikiwamo kama 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, ila kila seli inatumia zile za kazi iliyopewa. Jeni inapofanya kazi, seli hunakili maelekezo yake na kutoa protini yake. Inaweza kufanya kazi sana, kidogo, au ikanyamaza kabisa, na kiwango hicho hupanda na kushuka kulingana na hali ya mwili.

Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "jeni fulani imeongezeka kwenye goita", usidhani mgonjwa alizaliwa na jeni mbovu. Mara nyingi inayosemwa ni jeni ileile aliyonayo kila mmoja wetu, ila kwenye tezi ile imepewa kazi nyingi kuliko kawaida. Kurithi jeni yenye kasoro ni habari moja, na jeni nzima kuhimizwa ifanye kazi kupita kiasi ni habari nyingine. Aliyesoma kwenye simu alikuta habari ya pili akaisimulia kama ya kwanza.

Na nani anayehimiza? Hapo ndipo vinapoingia vichocheo vya ukuaji. Hivi ni protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kuzungumza na seli nyingine, aghalabu za jirani. Kule uani ni zile sauti unazozisikia zikipita juu ya moshi: "Ongezeni watu huku!" "Fungueni njia, maji yapite!" "Wanatosha, msiite tena!" Kila kichocheo kina kipokezi chake juu ya seli. Kikishashika, ndani ya seli jeni kadhaa zinawashwa na nyingine zinazimwa.

Elimu hii ina umri. Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi wa Kiitalia mwenye asili ya Kiyahudi, alifungiwa milango ya chuo kikuu na sheria za ubaguzi za Mussolini, akaendelea kuchunguza viinitete vya kuku chumbani kwake nyumbani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye nchini Marekani alifanya kazi na Stanley Cohen. Cohen aliwadunga watoto wa panya waliozaliwa karibuni maji yaliyotolewa kwenye tezi za mate, akaona jambo la ajabu: walifumbua macho siku kadhaa kabla ya wakati wao. Kitu kilichokuwa kinaharakisha ngozi ya kope kukomaa ndicho kichocheo kinachoitwa EGF. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. EGF hiyohiyo hufanya kazi kwenye tezi ya shingo pia, na tabia yake huko ni ya kutazamwa: inazihimiza seli zigawanyike, na papo hapo inazipunguzia kazi ya kutengeneza homoni. Tezi inaweza kukua huku ikipoteza ustadi wake.

Turudi uani tuone goita ya kukosa madini joto inavyoanza. Mwenye shughuli ni pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Yeye hapiki, anaangalia sahani zinazotoka. Zikipungua anatuma ujumbe, na ujumbe huo ni homoni iitwayo TSH. Sasa mchele haukuletwa. Mchele ndiyo madini joto. Moto unawaka, wapishi wapo, na mwenye shughuli anatuma mtu baada ya mtu kuuliza pilau iko wapi. Jikoni wanachoweza kufanya ni kuita wapishi zaidi na kukung'uta magunia wapate punje zilizobaki. Ua unafurika watu, na pilau haiongezeki.

Yaliyomo kwenye goita yanafanana na hayo sana. Watafiti huchukua kipande cha goita kilichotolewa kwa upasuaji, wakakilinganisha na tezi ya kawaida, na kupima ni jeni zipi zinafanya kazi zaidi upande gani. Moja ya njia wanazotumia ni PCR, neno tulilolizoea wakati wa UVIKO-19. Kule ilisaka kirusi, huku inapima nakala za jeni. Kwenye goita zenye vinundu vingi wamekuta vichocheo vya kundi la FGF vimeongezeka. IGF-1, kichocheo kinachofanana na insulini, nacho kinasaidiana na TSH kuzifanya seli za tezi zigawanyike. Watu wenye ugonjwa wa akromegali, ambao mwili wao una homoni ya ukuaji na IGF-1 nyingi kupindukia, hupata goita mara nyingi. Kisha ipo VEGF, yule anayefungua njia: ndiyo inayoamuru mishipa midogo ya damu ichipue. Madini joto yakipungua, VEGF hupanda na tezi hujaa mishipa, kana kwamba inajaribu kukamata kila chembe ya madini inayopita kwenye damu.

Binafsi kinachonivutia zaidi ni yule anayesema "wanatosha". Jina lake ni TGF-beta, na kazi yake kwenye tezi ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Madini joto yenyewe husaidia jeni yake ifanye kazi. Katika goita za upungufu, TGF-beta imekutwa imepungua. Maana yake ukosefu wa chumvi sahihi unaikuza tezi kwa njia mbili, sauti za kuhimiza zinapanda na ya kuzuia inafifia. Basi aliyesema chumvi na aliyesema jeni walikuwa wanasimulia mkasa mmoja.

Mbona basi uvimbe huanza laini, na miaka ikipita unakuwa na vinundu? Ni kwa kuwa seli za tezi hazilingani. Zipo nyepesi kuitikia na zipo nzito. Zikihimizwa miaka nenda miaka rudi, zile nyepesi huzaana zaidi, zinajitenga vikundi, na baadhi ya vikundi huzoea kufanya kazi bila kusubiri TSH. Mzee mwenye goita ya siku nyingi akipewa madini joto mengi kwa ghafla, vinundu hivyo vinaweza kumwaga homoni kupita kiasi. Zimbabwe waliliona hilo miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ilipoenea: wagonjwa wa tezi inayofanya kazi kupita kiasi waliongezeka kwa muda. Hiyo si sababu ya kuikataa chumvi hiyo, ambayo faida yake kwa watoto na wajawazito ni kubwa mno. Ni sababu ya mwenye goita ya zamani kupimwa damu na kufuatiliwa, asijitibu mwenyewe.

Kuna goita ambayo mchele upo tele na bado jikoni hapakaliki. Huo ni ugonjwa wa Graves. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshika kipokezi cha TSH, na tezi ikadhani ni mwenye shughuli anaita. Pituitari imeshanyamaza, lakini langoni kuna mtu anaigiza sauti yake mchana na usiku. Homoni zinamiminika, VEGF inapanda, na mishipa inajaa damu kiasi kwamba daktari akiweka kipima moyo juu ya tezi anaweza kusikia damu ikivuma. Wengine macho yanatokeza nje. Nyuma ya jicho kuna seli zenye kipokezi cha IGF-1, na kipokezi hicho kinashiriki katika uvimbe ule. Ujuzi huo ulizaa dawa, teprotumumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Inaziba kipokezi cha IGF-1, na macho ya wagonjwa wengi yamerudi nyuma. Bei yake ni kubwa mno, siwezi kumwambia mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, aitegemee. Tiba ya Graves yenyewe ina njia za siku nyingi: vidonge vya kupunguza homoni, madini joto yenye mionzi, au upasuaji.

Na saratani? Hofu hii ndiyo inayowafanya watu wafiche shingo zao. Vinundu vya tezi ni vya kawaida sana, hasa kwa wanawake na watu wa umri mkubwa, na zaidi ya 90 katika kila 100 si saratani. Zile chache zinazokuwa saratani nyingi huanzia kwenye jeni iliyopata kasoro ndani ya seli moja ya tezi ukubwani. Mgonjwa hakuirithi na hatawarithisha wanawe. Jeni inayotajwa zaidi inaitwa BRAF. Mpishi mwenye kasoro hiyo hahitaji kuitwa na yeyote, anaendelea kuzaana bila kusikia la mwenye shughuli wala la jirani. Saratani nazo huitumia VEGF kujichimbia mishipa ya damu, na ndiyo maana kwa zile zilizosambaa na kushindikana kwa tiba nyingine kuna dawa kama lenvatinib, inayoziba vipokezi vya VEGF. Saratani nyingi za tezi, zikiwahiwa, hutibika vizuri.

Sasa nifike kwenye imani moja ninayoisikia sana hapa kwetu, kwamba watu wa pwani hawapati goita kwa kuwa tunakula chumvi ya bahari. Tupige hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35 na madini joto kama maikrogramu 60. Tuseme yote yamebaki kwenye chumvi baada ya jua kuyakausha maji, jambo ambalo halitokei, kwa sababu sehemu kubwa hubaki kwenye maji ya mwisho yanayomwagwa. Hata hivyo gramu 5 za chumvi, kiwango cha juu anachoshauriwa mtu mzima kwa siku, zingekupa maikrogramu zisizofika 9. Mahitaji ya mtu mzima ni 150 kwa siku, ya mjamzito 250. Anayevuna chumvi kwenye mashamba ya kandokando ya mikoko hana cha kujivunia kuhusu madini joto mpaka ayaongeze mwenyewe.

Kuongeza kwenyewe si jambo gumu. Potasiamu iodeti, kemikali yenye madini joto, huyeyushwa kwenye maji, ikanyunyiziwa kwenye chumvi huku ikigeuzwageuzwa isambae sawasawa. Kanuni za nchi yetu zinataka hivyo tangu katikati ya miaka ya 1990, baada ya goita kuwatesa watu wa Nyanda za Juu Kusini na sehemu nyingine kwa miaka mingi. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo inatosha: gramu 5 zake zinatoa zile maikrogramu 150 kamili. Na ipo njia ya kuihakiki. Maofisa wa afya hutumia kichupa kidogo chenye dawa. Tone moja likiangukia chumvi iliyowekwa madini joto, punje zinageuka rangi ya zambarau iliyokolea hapohapo. Isiyokuwa nayo inabaki nyeupe. Natamani kichupa hicho kionekane mara kwa mara kwa wanaouza chumvi ya kupima kwa kopo, kuanzia Mgandini hadi magenge ya vijijini, maana kwa macho na kwa ulimi huwezi kuzitofautisha.

Ukishainunua, itunze. Chumvi iliyoachwa wazi kando ya jiko la mkaa, ikinyonya unyevu wa pwani na joto, hupoteza madini yake taratibu. Kopo lenye kifuniko linatosha, na ni vizuri kuitia chakula kikikaribia kuiva.

Muhogo nao husingiziwa, na hapa kuna ukweli fulani. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hutoa sianidi, ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachozuia madini joto yasiingie kwenye tezi. Penye madini joto ya kutosha haiidhuru tezi sana. Penye upungufu inazidisha tatizo. Kuloweka na kukausha ipasavyo huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kabichi ya Lushoto kuleni kwa raha, kwa kiasi cha kawaida haimpi mtu goita. Samaki wa baharini wana madini joto na wanasaidia, ila nyumba nyingi, hata za pwani, hazipati samaki wa kutosha kila siku. Ninachokihofia zaidi ni unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya goita. Mwani unaweza kuwa na madini joto mengi sana, na kiasi chake hutofautiana kutoka mmoja hadi mwingine. Kwa mwenye vinundu vya siku nyingi ni kubahatisha na moyo wake.

Wengi wakishasikia habari hizi huuliza: je, nikapime jeni? Kwa karibu kila mwenye goita jibu ni hapana. Vipimo vya vichocheo vya ukuaji nilivyoeleza ni vya watafiti, havikwambii umeze nini kesho. Cha kwanza kuomba ni kipimo cha damu cha TSH. Pakiwa na kinundu, ultrasaundi, na daktari akikitilia shaka, sindano nyembamba ya kuchukua seli chache zikaangaliwe kwa darubini. Nimesikia wakisema uchomwaji huo unasambaza saratani, lakini hilo ni nadra mno. Uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu, sauti iliyoanza kukwaruza, shida ya kumeza au kupumua, hayo yasisubiri.

Ipo familia moja moja ambayo jibu ni ndiyo. Aina ya saratani ya tezi iitwayo medula, ambayo ni adimu, wakati mwingine hutokana na kasoro ya jeni ya RET, na hii hurithiwa kweli: kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana nusu kwa nusu ya kuipata. Hapo ndugu hupimwa, hata watoto, kwa sababu anayekutwa nayo anaweza kutolewa tezi kabla saratani haijaanza, akaishi kwa kidonge kimoja cha homoni kwa siku. Kama kwenu aliwahi kuugua aina hiyo, mwambie daktari siku ya kwanza unapoingia, kabla hajauliza.